Ngano Saa Nne Asubuhi

Mie hasira zangu ziko karibu, na aliyezichokoza safari ile ni baba wa mwanafunzi mmoja. Alisimama kwenye kikao cha wazazi akauliza, kwa Kiswahili safi cha Unguja, Kiswahili cha nini. Mwanawe, alisema, anatosheka na Kiarabu na Kiingereza, na ile saa moja ya Alkhamisi ingefaa zaidi ikiwa kipindi cha roboti. Wazazi wengine wakaitikia kwa vichwa. Mudira, yaani mwalimu wetu mkuu, akaacha kuandika akanitazama.

Nafundisha skuli binafsi hapa Mabela, nchi ya Waarabu. Somo langu khasa ni Kiarabu. Saa ya Alkhamisi niliiomba mwenyewe, iwe saa ya lugha za nyumbani: watoto wa Kibaluchi wanakwenda kwa mwalimu wao, na hawa wetu, wajukuu wa watu waliotoka Unguja na Pemba, wanakuja kwangu. Kiswahili wanakielewa. Mwambie mtoto funga mlango, ataufunga. Lakini kukujibu atakujibu kwa lugha nyengine, na nyumbani wazee wake wameshachoka kumsahihisha. Hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Nilijua kabisa kwamba saa ile ikiondoka hairudi, na watoto hawa ndio watakuwa wa mwisho hata kuelewa.

Mudira alikata shauri kwa haki. Alkhamisi ya mwisho wa mwezi yeye na kamati ya wazazi watakuja kukaa darasani. Wakiona watoto wanajifunza, saa inabaki. Wasipoona, roboti. Akaniambia nisilete vitabu. "Lete watu," alisema. "Lete kilichopo hapa hapa kwetu."

Nilifurahi, kwa sababu vitabu nilivyokuwa navyo vilikuwa vya bara, vina tembo na mashamba ya mahindi, na watoto wa Mabela hawajauona hata muhindi mmoja umeota. Nikaanza kuzunguka kwa watu. Jirani akanipa mbuzi ya kukunia nazi. Mama mmoja akanipa ukili uliosukwa nusu, mwengine kanga za harusi yake. Watoto walipigania ile mbuzi, kila mtu anataka kukaa juu yake. Lakini mbuzi haisemi, na kanga haijibu. Nilitaka mtu mzima akae mbele yao awatolee ngano, kama tulivyotolewa sisi.

Hapo nikasahau jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua.

Wa kwanza kumpigia simu alikuwa daktari mstaafu, mwanamke anayejua ngano za kukesha nazo. Akakubali kwa furaha. Kisha akauliza saa ngapi. Nikamwambia saa nne asubuhi.

"Mwanangu," akasema, "mama yangu yu hai."

Ndipo nikakumbuka. Kwetu ngano hutolewa baada ya magharibi. Anayetoa jua likiwa juu, mamake hufa. Sisi tuliambiwa hivyo tukiwa wadogo, na wadogo zetu tukawaambia. Ukimuuliza mtu kama anaamini, atakucheka. Basi mwambie atoe, uone. Nilimpigia wa pili, mwenye shahada mbili ukutani, naye mama yake yupo. Wa tatu vilevile. Nikasema nitafunga mapazia, darasa liwe giza. "Jua unamficha nani?" akaniuliza yule wa tatu, akakata simu. Nikarekodi ngano usiku kwa simu nikawasikilizisha watoto. Haukupita muda wakaanza kufinyana.

Jioni moja nilikuwa nalalamika jikoni, navigonga vyungu, na Mama amekaa anachagua mchele. Mama anaishi nami.

"Unahangaika na watu wa nini?" akasema. "Mie yatima. Mie naruhusiwa."

Tukacheka. Kweli, bibi yangu kazikwa Matrah, walikoshukia walipotoka Unguja, na ni zamani mno. Mama angeweza kutoa ngano hata adhuhuri, hana wa kumpoteza. Na hakuna aliyezijua kama yeye.

Sikumwomba mapema kwa sababu niliogopa. Mama alikuwa ameanza kusahau. Aliuliza nimekula, nikamjibu, akauliza tena. Chai alitia chumvi. Siku moja alisimama katikati ya jikoni langu akatafuta ngazi ya kupandia darini, na nyumba yangu haina dari ya kupanda. Ngazi ile ilikuwa ya nyumba ya Matrah. Kaka yangu aliponiambia nimpeleke hospitali nilimfokea. Mama mzee tu, nilimwambia, nawe utazeeka. Lakini ngano hakuzisahau hata moja. Kila baada ya magharibi tulifanya mazoezi, yeye anatoa, mie naitikia, na hakukosea neno. Nikajipa moyo.

Alkhamisi ikafika. Mama alijifukiza udi, akavaa buibui jipya, juu yake akajitanda kanga. Garini akauliza tunakwenda wapi. Skuli, Mama. Aa, skuli. Hatujafika taa za barabarani akauliza tena. Nikapunguza mwendo. Ningeweza kugeuza gari pale pale. Nilimfikiria yule baba na roboti zake, nikaenda mbele.

Kamati walikaa nyuma ya darasa kwenye viti vya watoto, magoti juu. Yule baba alikuwa na simu pajani. Mudira alinipa ishara nianze. Nilimkalisha Mama kwenye jamvi, watoto wakamzunguka, nami nikasimama kando.

"Paukwa," akasema Mama.

"Pakawa," wakaitikia watoto, wote.

Sauti yake ilikuwa nzima. Ilikuwa ngano ya kaa mdogo, yule ambaye nyumba yake ni kombe la pwani na anakwenda nayo mgongoni. Siku moja kaa akaamka, akasahau nyumba yake iko wapi. Akatoka kuitafuta. Akafika kwa kamba wa baharini, akabisha.

"Hodi hodi. Hapa kwangu?"

"Si kwako, pita," wakajibu watoto, kama nilivyowafundisha.

Akafika kwa taa, yule samaki mwenye mkia mrefu, akabisha. Si kwako, pita. Watoto walikuwa wameshasogea mpaka wanamgusa magoti. Yule baba aliacha kuitazama simu. Nikaanza kutabasamu, na nikajiona mjinga kwa woga wangu wote.

"Kaa akenda, akenda," akasema Mama, "akafika mlangoni kwa pweza."

Akanyamaza.

Nilidhani anapumzika. Watoto wakangoja. Mama aligeuka akalitazama dirisha, jua lilikuwa limejaa uani kote, na uso wake ukabadilika mbele yangu.

"Jua hilo," akasema.

"Endelea, Mama," nikamwambia polepole.

"Mchana huu. Nnatoa ngano mchana." Alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi. "Mama yuko nyumbani peke yake. Mama atakufa."

Sauti ile haikuwa ya mwanamke wa miaka yake. Ilikuwa ya mtoto aliyevunja kitu. Hakuna aliyecheka. Watoto walikuwa wanaijua ile miko, mie mwenyewe niliwaeleza wiki iliyotangulia, na msichana mmoja alifunika mdomo kwa mkono. Nyuma, kiti kikakwaruza sakafu. Mudira alikuwa amesimama.

Niseme nini? Nimwambie mamake kafa? Nimpe msiba upya, mbele ya watoto na watu wasiomhusu, kwa ajili ya kipindi cha saa moja? Nilitaka kumwinua nimpeleke nyumbani, na kamati wafanye watakalo. Lakini angekwenda na hofu ile ile. Angekaa nayo garini, angekaa nayo kitandani, ngano imekatika mlangoni kwa pweza na mamake yuko hatarini.

Nikapiga magoti jamvini.

"Ngano ni ya anayeimaliza," nikamwambia. Sijui nilikotoa. "Wewe hujaimaliza. Nitaimaliza mie, lawama iwe yangu. Mama yako hana neno."

Akanitazama vizuri, kama mtu anayempima mgeni.

"Na mama yako wewe?" akauliza.

Mie mwenye digrii, mie niliyewacheka moyoni wale wanawake wa simu, ulimi wangu ulikuwa mzito kama umetiwa kokwa. Niliitazama mishipa ya mkono wake, nikautazama mdomo wake. Wote walikuwa wakisubiri.

"Mama yangu kanipa ruhusa," nikasema.

Akafikiri. Kisha akanipigapiga mkono. "Basi toa," akasema. "Upesi, kabla hajakusikia."

Nikatoa. Kaa akabisha kwa pweza, hodi hodi, hapa kwangu? Na sauti iliyojibu kubwa kuliko zote ilikuwa ya Mama: si kwako, pita. Nikampeleka kaa kwa samaki changu, nikampeleka kwa kasa. Huku natoa namtazama yeye, rangi yake, pumzi yake, na kila neno nalitoa kama nalipa. Nilipofika pale kaa anakaa kitako analia hana kwao, watoto hawakuweza kuvumilia. Wakainuka.

"Mgongoni! Iko mgongoni kwako!"

Walisema kwa Kiswahili, wote, na hakuna aliyewaambia waseme kwa lugha gani. Mtoto wa yule baba ndiye aliyepiga kelele zaidi. Mama alicheka mpaka kanga ikamwanguka.

Mudira hakusema mengi. Aliniambia tu kwamba saa ya Alkhamisi ibaki ilipo, na kwamba nikapumzike. Yule baba alinifuata hadi kwenye gari. Nikajikaza, nikajua ananiletea roboti zake. Akauliza, "Bi mkubwa hajambo?" Nikamwambia hajambo. Akamfungulia mlango, akamshika mkono mpaka akakaa sawa, akasema kwao pia walikuwa wakitolewa ngano lakini mama yake yupo, basi yeye hatamtolea mwanawe ila usiku. Nikamwambia usiku ni vizuri.

Njiani Mama alisinzia. Kichwa kiliangukia dirishani na mdomo ukafunguka kidogo. Nilimwita, hakuitika. Nikasimamisha gari kando ya barabara, magari yanapita yananipigia honi, nikaweka kiganja mbele ya pua yake. Akafumbua macho, akaniuliza tunakwenda wapi.

Hospitali nilimpeleka wiki ile ile, na kaka yangu nikamwomba radhi. Jina la ugonjwa tunalo sasa. Saa ya Alkhamisi ipo mpaka leo. Watoto wameongezeka, na ngano natoa mie, saa nne asubuhi, maana yatima mwengine sijampata. Siamini mambo yale, na atakayeniuliza nitamjibu hivyo. Lakini kila Ijumaa, kabla sijanawa uso, nasimama mlangoni kwa Mama, nakitazama kifua chake chini ya shuka, na siondoki mpaka nimekiona kimepanda.