Chujio la Nyumba ya Kona

Nyumbani kwetu machujio ya chai yamejaa tele, la bati, la plastiki, na la waya lililovunjika mpini, na bado mke wangu hutoka kwenda kuazima kwa watu. Mtaa mzima unamwita Mama Chujio. Mimi mumewe, fundi cherehani, naonekana bahili nisiyeweza kumnunulia mke chujio! Nimemezea tu, kwa sababu nampenda na naijua kazi yake.

Anatembelea familia kwa niaba ya kituo cha malezi cha mtaa, ili watoto wasiumizwe na wazazi wasilemewe. Kitambulisho alichopewa anakiacha kwenye droo ya cherehani yangu.

"Ukiingia na kitambulisho, unakaribishwa sebuleni," husema. "Ukiingia kuazima, unaitwa jikoni."

Na jikoni ndiko mzazi anakochokea, ndiko na ukweli unakoonekana. Halafu cha kuazima sharti kirudishwe, kwa hiyo safari ya pili ina sababu yake. Zipo nyumba zisizotibika kwa chujio. Hizo huziripoti ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, na akirudi chakula hakipiti.

Nyumba ya kona anakaa binti mmoja msusi. Mumewe alikwenda kutafuta kazi, akapotelea huko huko, akamwachia mtoto wa kike mtundu kama nini. Majirani walikuwa wakisikia vilio. Mke wangu akaenda kuazima, akaona alama ya kupigwa na mwiko kwenye mkono wa mtoto.

"Samaki mkunje angali mbichi, mama," binti akajitetea.

"Mkunje, mwanangu, usimvunje. Alama nimeiona, na kituoni nitasema, sikufichi. Lakini hasira ikikupanda, mlete kwangu. Huna haja ya kueleza. Sema tu umefuata chujio lako."

Safari hii mke wangu hakulirudisha chujio aliloazima. Alilitundika kwenye msumari, mlangoni petu, kila mpita njia alione. Mimi aibu ikanishinda, nikalitungua nilipeleke kwao.

"Hebu liache hapo!" akanipokonya. "Ukilirudisha, atakuja kufuata nini?"

Nikarudi kwenye cherehani yangu, nimefyata mkia.

Siku aliyokuja binti, mke wangu hayupo, yuko kuazima kwingine. Nikamwona binti anavuka barabara mbio, mtoto kiunoni analia.

"Shikamoo, baba. Nimefuata chujio langu."

"Marahaba, mwanangu. Mama katoka, ila chujio lipo. Kaa."

Akanipakatisha mtoto, akaketi kizingitini, akalia kilio cha mtu mzima. Sikuuliza kitu. Nilimpa mtoto vipande vya kitambaa, tukashona mwanasesere asiye na shingo, akanicheka. Mama yake alilia mpaka akasinzia, ameegemea mlango. Maskini, sijui mara ya mwisho alipumzika lini.

Mke wangu aliporudi, alimkagua mtoto mikono na mgongo huku anamtania. Hakukuwa na alama mpya. Akaenda kuinjika chai, akanigeuzia mgongo ili nisione macho yake, lakini niliyaona.

Jioni ilipokaribia, binti aliaga. Nikalitungua chujio, nikampa pamoja na mwanasesere. Mwanasesere alimpokea. Chujio akalitazama, akanyoosha mkono na kulirudisha kwenye msumari.

"Liache hapo hapo, baba," akasema. "Nitalifuata tena."