Reale ya Mama Iliyongoja Kukombolewa

Mwanangu, kuna siku moja ya ujana wangu ambayo haijapata kunitoka, nami leo nimeamka nayo. Nitakusimulia ilivyokuwa, bila kuipamba. Elimu yangu ni ndogo. Nilisoma kwa mapadri huku mlimani mpaka nikajua kuandika jina langu na kusoma sala, kisha nikarudi kwenye jembe. Kwa hiyo usitafute maneno makubwa hapa.

Ilikuwa enzi ya Wajerumani, kabla ya vita vyao na Waingereza. Reli ilikuwa imekwisha kufika Morogoro, na sisi wa milimani tulikuwa tukishuka mara moja moja kwenda kulitazama gari moshi, tukirudi na habari za kuwasimulia waliobaki. Masika ya mwaka ule mama yangu alifariki. Aliugua kifua, hakuchukua muda.

Mama alikuwa na reale moja ya fedha, ya zile za zamani zenye sura ya mwanamke mnene aliyejitanda shela. Wakati huo reale zilikuwa zimekataliwa madukani, watu wakitumia rupia na hela za Mjerumani, lakini hii haikuwa ya dukani. Bibi yangu aliitoboa tundu juu ya kichwa cha yule mwanamke, akapitisha uzi, akamvika mama alipokuwa mwali. Mama hakuivua tena. Alipokuwa akiwaza jambo, aliisugua kwa kidole gumba upande mmoja, hata upande ule ukawa mwembamba kama ukucha. Sisi Waluguru, kama ujuavyo, tunafuata ukoo wa mama, ndio tunaouita lukolo. Dada yangu alikuwa mjamzito, na ilijulikana nyumbani kwamba mtoto akiwa wa kike atapewa jina la mama na atavishwa reale ile. Jina na reale vilikuwa vinakwenda pamoja.

Siku ya maziko akaja mtani wetu, Mzee Kobelo, kama ilivyo desturi. Watani ndio wanaochimba kaburi, na watani ndio wanaowachekesha waliofiwa ili nao wasife kwa huzuni. Kobelo alivaa kanga ya mama, akatembea kama mama alivyokuwa akitembea akitoka kisimani, akatugombeza kwa sauti ya mama kwamba hatukufagia uwanja. Watu walilia na kucheka kwa pamoja. Kisha, maiti ilipokuwa ikiandaliwa, akaichukua reale, akaitia shingoni mwake.

"Hii nimeioa," alisema. "Mkiitaka, leteni mahari. Nataka kuku, tena awe mnene, msiniletee yule wenu anayechechemea."

Desturi ndivyo ilivyo. Mtani huchukua kitu cha marehemu, na wafiwa hukikomboa kwa kuku au kwa pombe, wakitukanana na kucheka. Anayetakiwa kwenda ni mjomba, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo. Kanga ya mama Kobelo aliirudisha siku ile ile. Reale akaondoka nayo, ikingoja kuku.

Mjomba wangu alimpenda sana mama, dada yake. Baada ya maziko akawa mtu wa kukaa ndani. Matanga yakaisha, naye hajaenda. Mimi nilimkumbusha nikimpelekea chakula.

"Mjomba, kile kitu kiko bado kwa Mzee Kobelo."

"Najua kilipo," alinijibu. "Mtani hauzi cha marehemu. Mwache. Nikienda kwake itanibidi nicheke, na kicheko sina."

Sikumlaumu, na mpaka leo simlaumu kwa neno lile la mwisho. Lakini lile la kwanza, la kwamba mtani hauzi, ndilo lililotuponza.

Kiangazi kikaingia. Padri akatuuliza baada ya misa nani atajitolea kushuka mjini kusaidia kazi ya siku moja. Mzungu mmoja mwenye shamba la mpira alikuwa anakusanya sarafu za kila nchi na za kila zama, na wenzake wenye mapenzi hayo hayo watakuja kwa gari moshi na za kwao, wazipange mezani, watu wazitazame, na anayetaka anunue au abadilishane. Hakuna malipo, ila chakula kipo. Nilinyoosha mkono. Sikuwa na hamu ya sarafu, ila nyumba yetu ilikuwa kimya mno.

Tulishuka alfajiri, tukafika kwenye banda la mizigo karibu na stesheni. Ndani mlikuwa na meza zilizotandikwa vitambaa vyeusi, na juu yake fedha za nchi ambazo sijui ziko wapi. Yule Mzungu wa mpira alinionyesha kazi yangu. Nisimame kwenye meza ya fedha za huku kwetu na za pwani, na mtu akitaka kushika, nimwambie ashike ukingoni. "Hapana gusa sura," alinifundisha, akinionyesha kwa vidole viwili. "Jasho haribu."

Watu walikuja wengi, na wengi wao walikuja kushangaa. Mama mmoja wa Mikese, aliyekuja kuuza ndizi kwa abiria, alizunguka meza zote halafu akasimama mbele yangu.

"Mwanangu, hela zote hizi, na hakuna hata moja ya kununulia chumvi?"

"Hizi ni za kutazamwa, mama."

"Basi huyu bwana ni maskini kama mimi," alisema. "Mimi nami hela nazitazama tu, kwa wenzangu."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu masika. Nilikuwa bado nacheka nilipoinama kukiweka sawa kitambaa, nikaiona. Ilikuwa kati ya reale nyingine mbili ambazo hazikutobolewa. Uzi ulikuwa umetolewa. Tundu juu ya kichwa, upande mmoja mwembamba kama ukucha. Sikuhitaji kuishika.

Nilikuwa nimepewa meza niilinde, nikasimama pale pale. Ningeweza kuitia kwenye pindo la kanga, hakuna ambaye angejua mpaka jioni. Lakini kitu ambacho mtoto angevishwa pamoja na jina hakiwezi kuja nyumbani kwa njia ile.

Kabla sijajua la kufanya, nikasikia kikohozi ninachokijua. Mzee Kobelo alikuwa ameshuka naye kutazama.

"Loo, wafiwa wasio na kuku mmefika mjini," alianza, akitabasamu. "Mmekuja kuwatafuta huku?"

"Shikamoo, babu. Reale ya mama imefikaje hapa?"

Tabasamu likamtoka. Akaitazama meza, kisha akanitazama mimi.

"Marahaba. Mimi ndiye niliyeileta kwa Bwana huyu. Alinipa blanketi."

"Uliuza cha marehemu?"

"Nilikaa nacho mpaka nikachoka. Nilipita mbele ya nyumba ya mjomba wako nikakohoa. Nikapita tena, nikaimba wimbo wa kumtukana, ule wa utani. Hakutoka. Hata kunitukana hakunitukana, mwanangu. Mtu akichukuliwa kitu na mtani wake akanyamaza, maana yake nini? Nikasema basi, hawakitaki, na mimi hawanitaki. Wajukuu zangu wanalala kwenye baridi kule juu."

"Alikuwa na huzuni."

"Sasa mimi nilienda pale kufanya nini, kama si hiyo huzuni?"

Mzee wa watu alishika ukingo wa meza. Halafu akasema twende kwa Bwana, blanketi atalirudisha kesho, hata usiku huu.

Yule wa mpira alitusikiliza. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Akasema reale ile si yake tena, ameinunua asubuhi mwenzake, fundi wa reli, ila imeachwa mezani mpaka watu waishe. Akatupeleka kwake. Fundi hakujua Kiswahili sana, ikabidi yule wa mpira atafsiri. Nilieleza yote, ya mama, ya dada, ya mtoto na jina. Kobelo akaeleza ya blanketi. Fundi aliuliza hili na lile, akaonekana kuguswa, na mimi nikaanza kutumaini.

Kisha wakazungumza kwa lugha yao, na yule wa mpira akatugeukia bila kututazama usoni.

"Anasema pole sana. Anasema nyingine zote anazo, hazina tundu. Hii anataka kwa sababu ya tundu. Na sasa unamwambia habari yake, anataka zaidi."

Mwanangu, nilikuwa nimeipandisha thamani kwa mdomo wangu mwenyewe, nikisema kweli tupu.

Fundi aliniruhusu niishike. Sikuishika ukingoni. Niliweka kidole gumba pale mama alipokuwa akiweka, nikasugua, kisha nikampa mwenyewe, akaitia kwenye kijaluba. Gari moshi liliondoka naye. Mimi nilibaki kufagia banda, kwa kuwa nilijitolea kwa siku nzima, na siku haikuwa imekwisha.

Kesho yake, nyumbani, nilimwambia mjomba. Alitoka uani, akamkamata jogoo wake mkubwa, akampeleka kwa Kobelo giza likiingia. Kobelo alimpokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu kama mtu baki, akamkaribisha mjomba kiti. Mjomba alisema baadaye kwamba adabu ile ilimuuma kuliko tusi lolote. Tangu hapo Kobelo hakututania tena. Mtoto wa dada alizaliwa wa kike, akapewa jina la mama, shingo yake ikiwa tupu. Na mjomba alipofariki, Kobelo alikuja, akachimba kaburi kama alivyopaswa, kisha akakaa kwenye mkeka pamoja na wageni, kimya, kofia mikononi. Hakuna aliyevaa shuka la mjomba. Hakuna aliyeiga kukohoa kwake. Tulilia mpaka tukakauka, na hakuna aliyetutoa huko. Sijaona msiba mrefu kama ule.

Naandika haya kwa sababu wiki hii tumemzika mdogo wangu, na mtani amechukua fimbo yake ya kutembelea. Nimewasikia ninyi vijana mkinong'ona kwamba ni mwizi, na mwingine akisema aachwe, ataona aibu airudishe mwenyewe. Hatairudisha. Si kwa ubaya. Anangoja mwende.

Nasaha yangu ni hii. Mtu akichukua kitu chako kwa mapenzi, mfuate ukidai. Dai kwa kelele, mtukane kama desturi inavyotaka, hata kama machozi hayajakauka. Usiseme mwenzako anajua moyo wako. Hajui. Anachojua ni kwamba hukutoka mlangoni. Na huzuni isikufanye uwafungie mlango wale waliokuja kuibeba pamoja nawe.

Kesho asubuhi kamateni kuku, mwende. Kama hamwezi kucheka, nendeni hivyo hivyo, mtani atacheka kwa niaba yenu.

Mungu awape ninyi watani wenye midomo mikali na maisha marefu. Wazee wetu waliotangulia walale pema, na majina yao yasikose shingo za kuyabeba. Siku yangu ikifika, nawaombea nyumba yangu iwe na mtu wa kuwachekesha. Amina.