Pale Moto Ulipokomea

Mshona nguo mmoja, mwanamke wa makamo, alikulia katika nyumba isiyo na pasi. Mama yake zamani alikuwa dobi, tena dobi wa kugombaniwa na wateja, lakini tangu mtaa wao ulipoungua hakuishika pasi tena. Siku ile alitoka mara moja kuteka maji, akasikia watu wanapiga mayowe ya moto. Aliwabeba wanawe wawili waliokuwa wakicheza nje, akakimbia bila kugeuka nyuma. Walipofika kwa shangazi yao, mji mwingine kabisa, ndipo alipokumbuka.

"Pasi ya mkaa niliiacha mezani," alimwambia wifi yake. "Mtaa mzima nimeuunguza mimi."

Hakuna aliyemshitaki. Alijishitaki mwenyewe, akajihukumu, na kifungo akakitumikia kimyakimya. Sasa ni kikongwe, na usingizi ukimpitia huweweseka, akiwaomba radhi majirani waliotawanyika zamani.

Binti akachoka kumsikiliza. Akamwendea kaka yake, kinyozi mwenye kitambi na magoti mabovu.

"Kaka, twende tukapaone. Bora kujua."

"Na tukikuta ni kweli?"

"Tutanyamaza. Si ndiyo kazi tuliyoizoea?"

Wakaenda asubuhi. Mtaa ulikuwa umejengwa upya kwa vioo na vigae, lakini mtafutaji hachoki. Nyuma ya duka la dawa waliona ukuta wa mawe uliogeuka mwekundu na kupasukapasuka. Juu ya mlango wa mgahawa vilitokeza vichwa vya boriti za kale, vyeusi tii, vilivyopakwa chokaa isiyoficha kitu. Kaka alikigusa kimoja, akautazama mkono wake uliochafuka, akajipangusa kwenye suruali.

Mbele kidogo akasimama kwenye kiwanja kitupu. "Hapa palikuwa kwa muuza rangi. Nakumbuka ile harufu."

Hapo ndipo palipoharibika kuliko pote. Nguzo za chuma zilikuwa zimepinda na kuinama, na chini, kwenye saruji, vioo vilivyoyeyuka vilikuwa vimegandamana kama nta. Kutoka hapo walielekea kwao. Kila walivyosogea, alama za moto zilipungua. Dada aliliona hilo mapema, akaogopa kulisema, maana matumaini nayo yanatisha.

Kwenye uchochoro wa mwisho kaka alimshika bega. "Mlango ule."

Ulikuwa uleule, wa mbao, wa vipande viwili. Ndani alikaa fundi viatu, misumari imejaa mdomoni. Wakamsalimu, wakamweleza kwamba utotoni walikaa hapo. Akaitema misumari kiganjani.

"Karibuni ndani. Ila hiyo dari ni kongwe kuliko mimi, msipige chafya."

Dada akainua macho. Mbao za dari zilikuwa nzima, rangi ya kahawia, bila hata doa la moshi. Pembeni zilikuwepo bado ndoano za kufungia kamba ya nguo.

"Kwani ule moto haukufika huku?" aliuliza.

"Huku? Marehemu baba, aliyeniachia chumba hiki, alikuwa akisema ulikomea ukuta wa pili kutoka hapa. Ulianzia kwa muuza rangi. Hilo kila mtu wa hapa analijua."

"Na pasi ya mkaa?"

Fundi alimtazama kwa mshangao. "Nani kakwambia habari ya pasi? Baba aliikuta mezani, mkaa umezima. Ilikuwa imetoboa shati moja mgongoni. Shati tu, basi."

Kaka akaketi kwenye kizingiti, akaanza kucheka, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu. Dada yeye alisimama tu, ameegemea ukuta, akipumua kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

Walimkuta mama yao kitandani, ameegemezwa mito. Binti akakaa karibu, akamshika mikono, akamsimulia taratibu, asije akashtuka: ukuta mwekundu, kwa muuza rangi, dari nzima, shati.

Bibi kizee alijiinua kidogo kwenye mito.

"Shati la nani?" akauliza.

"Hatukuuliza, mama."

"Litakuwa la yule karani. Alikuwa msumbufu sana yule." Akavuta shuka hadi kidevuni. "Kesho mnipeleke. Nataka kuiona dari mwenyewe."

Akalala mchana ule hadi jua lilipopinda, na hakumwomba mtu radhi.