Arlene Dombek na Ng'ombe Aliyetoka Angani

Arlene Dombek wa mji wa Kolbeck, Wisconsin, alikuwa na kazi mbili. Jumatatu hadi Ijumaa aliwapikia wanafunzi wa sekondari: viazi vya kuponda, makaroni na jibini, na supu moja ya kijani ambayo watoto waliiogopa lakini waliimaliza. Mwisho wa wiki alikuwa msimamizi wa chini wa kikundi cha warukaji wa parachuti, watu wanaoalikwa kwenye sherehe ili watue katikati ya uwanja huku umati ukipiga kelele. Msimamizi wa chini haruki. Husimama kwenye nyasi, akausoma upepo, kisha akawaambia walio kwenye ndege kama waruke au waache.

"Kazi yangu ni kusema neno moja tu," alipenda kueleza. "Na neno lenyewe si 'ndiyo'."

Hakuanza hivyo. Alipokuwa na miaka ishirini na tisa aliruka mwenyewe, tena kwa mbwembwe. Siku ya sherehe za Julai aliruka juu ya uwanja wa shule anakopikia sasa wakati bendera zote mjini zilikuwa zimenyooka kama ubao. Alijua upepo umezidi. Lakini meya alishamtangaza kwenye vipaza sauti mara tatu, na Arlene akaona haya kurudi chini na ndege kama mzigo uliokosa mwenyewe. Akaruka. Upepo ukampitisha juu ya milingoti ya goli, ukampitisha juu ya alama ya katikati ya uwanja, ukampitisha juu ya meya, ukaenda kumtua ndani ya bendi ya shaba. Mguu wake wa kulia uliingia hadi pajani kwenye tuba, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mpigaji kama chatu.

Wazima moto walitumia kilo mbili za siagi na hawakufanikiwa. Alipelekwa hospitali na tuba lake mguuni. Mwenye tuba, kijana mpole wa rika lake aliyeitwa Leon Dombek, alipanda naye gari la wagonjwa kwa kuwa tuba lilikuwa la shule na alikuwa ameliwekea saini. Daktari alisema kifundo cha mguu kitapona, tuba halitapona. Leon aliendelea kwenda kumjulia hali hata baada ya tuba kukatwa na kutupwa, na mwaka wa pili wakaoana.

Basi ndivyo Arlene alivyopata mume, na ndivyo alivyoacha kuruka akaanza kutazama upepo.

Mambo yaliyomkuta Oktoba moja, miaka mingi baadaye, yalianza asubuhi, kwenye banda la ndege. Ilikuwa Jumamosi ya Kurudi Nyumbani, siku ambayo waliowahi kusoma shuleni hapo hurudi kutazama mechi ya futiboli ya Kimarekani, kula soseji na kuhesabiana vipara. Timu ya Kolbeck inaitwa Ng'ombe Wakali, na mji mzima hauoni kichekesho chochote katika jina hilo. Aliyechaguliwa kuuleta mpira wa mechi kutoka angani alikuwa Dokta Duane Vorpahl, daktari wa meno, mwanamume wa miaka hamsini na mbili aliyewahi kuruka mara mia saba na kuusimulia kila mruko mara mia saba. Wagonjwa wake hawakuwa na la kufanya. Vinywa vilikuwa wazi na vimejaa pamba.

Duane akatokea amevaa vazi la ng'ombe, kama alivyoahidi. Mabaka meusi na meupe, mkia, pembe laini juu ya kofia ngumu, na tumboni kiwele cha rangi ya waridi chenye chuchu nne za mpira, kila moja urefu wa karoti.

Arlene akamzunguka mara mbili, akimkagua.

"Mbona unaniangalia hivyo?" Duane akauliza.

"Kishikio cha kufungulia parachuti ya akiba kiko wapi?"

"Hapa." Akapapasa. "Hapana, hiyo ni chuchu. Hapa. Ngoja. Hii nayo chuchu."

"Dokta, ukiwa angani na shida imekupata, utamkamua huyo ng'ombe mpaka ufike chini."

"Mke wangu ameshona kiwele hiki siku kumi na moja!"

"Basi mwambie ni kizuri sana. Kitoe."

"Ng'ombe wa maziwa bila kiwele ni nini, Arlene?"

"Ni ng'ombe aliye hai. Kitoe."

Duane alikikata kwa mkasi mwenyewe, pole pole, kama anamfanyia upasuaji ndugu yake, kisha akakikunja na kukiweka ndani ya gari. Arlene akamfanya ashike kishikio mara kumi akiwa amefumba macho. Wakakubaliana mengine kama kawaida: redio kwa mawasiliano, na redio ikigoma, alama kubwa ya X ya kitambaa cha rangi ya chungwa itandazwe uwanjani, maana yake usiruke hapa. Akizuiwa, atatua malishoni kwa Irma Schuh, mjane mfugaji, maili moja kusini mwa shule. Arlene alishampigia Irma simu tangu Jumanne kumwomba ruhusa.

"Atatua mwanamume amevaa kama ng'ombe?" Irma aliuliza.

"Ikibidi tu."

"Haya. Nilikuwa sina la kutazama Jumamosi."

Saa saba mchana uwanja ulikuwa umefurika. Harufu ya soseji na jibini ya kukaanga ilitanda kila mahali, na bendi ya Leon, maana Leon sasa ndiye aliyekuwa mwalimu wa bendi, ilikuwa ikipasha midomo. Upande wa magharibi lilisimama jukwaa jipya la watazamaji lililojengwa kiangazi kile, refu kama nyumba ya ghorofa tatu, fahari ya Bwana Kittleson, mwalimu mkuu. Juu kabisa ya jukwaa Arlene alikuwa amefunga kipimaupepo chake. Kilisoma maili kumi na moja kwa saa. Kikundi kilijiwekea kikomo cha kumi na tano.

"Kumi na moja!" akashangilia Kittleson, aliyekuwa akimfuata Arlene nyuma nyuma tangu asubuhi. "Tuko vizuri, si ndiyo?"

Arlene alikuwa anatazama karatasi za kufutia mikono. Kwenye kona ya chini ya jukwaa jipya, karatasi kama thelathini zilikuwa zinazunguka, zinapanda juu futi ishirini, kisha zinaanguka ghafla chini kama zimepigwa kofi. Akasogea hatua hamsini kuingia uwanjani. Kofia ya mpiga ngoma ikang'oka kichwani ikaenda mashariki, ikasita, ikarudi magharibi. Upepo ulikuwa unatoka magharibi, unaruka juu ya jukwaa lile jipya, halafu unajikunja nyuma yake kama maji ya mto yanavyojikunja nyuma ya jiwe kubwa. Parachuti ikiingia pale, kitambaa kinaweza kunywea mtu akiwa bado futi arobaini juu ya nyasi.

"Hatui hapa leo," akasema.

"Lakini kipimo kinasema kumi na moja!"

"Kipimo kiko juu, mwalimu. Dokta anatua chini."

"Arlene, nakuomba. Kuna watu elfu tatu. Kuna mtu ametoka Alaska! Mwaka jana alitua, upepo ulikuwa kumi na tatu."

"Mwaka jana hukuwa na jukwaa."

Kittleson akaligeukia jukwaa lake akalitazama kama mtu aliyesikia mtoto wake ametukana wageni.

Arlene naye hakuwa na hakika kama alivyoonekana. Karatasi za kufutia mikono si chombo cha vipimo. Huenda Duane angepita katikati ya vile vizunguko akatua kwa vidole vya miguu, akauinamia umati, na dunia nzima ikamwita Arlene bibi mwoga. Lakini alishawahi kuona haya mara moja, na haya ile ilimgharimu kifundo cha mguu. Akachukua redio.

"Merle, Arlene hapa," akamwambia rubani. "Uwanjani msiruke! Narudia, msiruke!"

Wakati huohuo ngoma kumi na mbili za Leon zilianza kuunguruma nyuma yake. Redio ikakwaruza.

"Nimekusikia, Arlene," ikajibu sauti ya Merle. "Ruke. Namwambia aruke."

"Siyo ruke! Msi! Msi!"

"Misi gani?"

Kisha redio ikapiga mluzi mrefu ikanyamaza kabisa. Juu angani, ndege ndogo nyeupe ilikuwa inazunguka kuelekea uwanjani.

Arlene akakimbilia kitambaa cha X. Hakikuwepo. Akatazama huku na huko mpaka alipokiona: kina mama wa kamati walikuwa wamekitandika mezani kwa kuwa kilikuwa kikubwa na cha rangi ya kupendeza, na juu yake zilikuwa zimepangwa soseji mia nne pamoja na mtungi wa haradali. Kukichomoa na kukitandaza kungechukua dakika tano. Ndege ilikuwa imebakiza dakika mbili.

Akageuka. Katikati ya uwanja, wapiga bendi themanini katika makoti mekundu walikuwa wamejipanga kwa herufi K, K ya Kolbeck.

"Leon!" akapiga kelele, akikimbia kwa mwendo ambao wanafunzi wake hawakuwahi kuuona hata siku ya moto jikoni. "Leon, nataka X!"

"Nini?"

"Igeuze K iwe X! Sasa hivi!"

"Arlene, mpenzi, tumeifanyia mazoezi K hii wiki sita!"

"Duane anataka kuruka na jukwaa litamla! X, Leon!"

Leon alikuwa mtu wa kubishana kuhusu chumvi, kuhusu rangi ya mapazia, hata kuhusu jina la paka. Lakini aliwahi kumwona mwanamke huyu akija kutoka angani bila uwezo wa kujizuia, akikua na kukua, na hakutaka kuona tena kitu cha namna hiyo. Akapuliza filimbi.

"K! Mguu wa nyuma, vunjika katikati! Matarumbeta, kushoto! Ngoma, hapana, kushoto kwenu, siyo kwangu! Filimbi, mnakwenda wapi? Rudini!"

Kwa muda kidogo herufi ikawa kitu kama kaa aliyekanyagwa. Jukwaani watu wakadhani ni mtindo mpya, wakapiga makofi. Mpiga tuba alipomwona Arlene anakuja mbio upande wake, alilikumbatia tuba akaruka pembeni, kwa maana kila mpiga tuba wa Kolbeck hufundishwa historia. Arlene akaingia penye pengo, akamsukuma mtu huku, akamvuta mtu kule, akanyanyua mikono juu na kusimama yeye mwenyewe katikati, mahali mistari miwili inapokutana.

X ikatulia. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, lakini X ni X.

Ndege ikapita juu ya uwanja. Mlango ulikuwa wazi. Arlene alihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, na hakuna kilichodondoka. Ndege ikainamisha bawa, ikageuka kusini. Dakika moja baadaye ng'ombe mdogo alitoka mlangoni, parachuti nyekundu ikafunguka juu yake, naye akatoweka taratibu nyuma ya miti akielekea kwa Irma Schuh.

Watu elfu tatu wakazomea. Walimzomea Arlene kwa moyo mmoja, pamoja na yule wa Alaska. Mzee mmoja aliyekalia kiti cha mbele akapaza sauti, "Hata ng'ombe umewanyima watu!" Arlene alisimama palepale. Alikuwa na furaha.

Huko malishoni Duane alitua vizuri kabisa, kwa miguu yote miwili, mpira kwapani. Alikuwa anatafuta pa kupigia saluti alipogundua kwamba ng'ombe arobaini na wanne wa Irma wamesimama wakimkodolea macho. Ng'ombe wa maziwa ni viumbe wadadisi, na hawakuwa wamewahi kuletewa mwenzao kwa njia ile. Wakamkaribia. Wakamzunguka. Mmoja akamlamba shingo, mwingine akaanza kuutafuna mkia. Irma, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja na bilauri ya sharubati, hakuinuka haraka.

"Mama, wafukuze!" Duane akalia.

"Wanakukaribisha."

"Ulimi wake ni kama msasa!"

"Usikimbie tu. Ukikimbia watakukimbilia, wanadhani unajua penye chakula."

Duane akakimbia. Irma alisema baadaye kwamba tangu mumewe afariki hakuwahi kucheka kiasi kile, na kwamba daktari yule ana mbio kuliko anavyoonekana.

Robo ya pili ya mechi ilikuwa imeanza pale trekta la Irma lilipoingia uwanjani likivuta kitoroli cha majani makavu, na juu ya majani ng'ombe asiye na mkia, amelowa mate hadi masikioni, akiinua mpira juu. Umati ukasahau kuzomea. Waliinuka wote, na kelele zilikuwa kubwa kuliko za mwaka jana, kuliko za mwaka wowote. Duane aliushukuru umati kwa kuinama mara sita, kisha akamwendea Arlene.

"Ningeweza kutua hapa," akasema.

"Huenda."

"Huenda tu?"

"Huenda ungeweza, dokta. Sitajua kamwe, na wewe hutajua. Kula soseji."

Akala tatu. Ng'ombe Wakali walifungwa arobaini na mbili kwa sita, na hakuna aliyeulaumu upepo.

Kittleson alimnunia Arlene wiki mbili. Wiki ya tatu, siku ya dhoruba, aliingia jikoni kwake na mwavuli uliogeuka ndani nje, akaeleza kwamba alikuwa amekwenda kusimama ile kona ya jukwaa kujihakikishia tu, na kwamba sasa angependa bakuli la supu. Arlene akampakulia hadi ukingoni.

Juni iliyofuata Duane aliruka kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya. Hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Arlene alisema "ndiyo" kwenye redio, na Merle akamwomba arudie kwa kuwa hakuamini. Duane alishuka laini kama unyoya, akatua katikati kabisa ya duara la chokaa, akanyoosha mikono. Hakuna aliyemwona. Watu wote walikuwa wamempa mgongo, wanatazama mbio za nguruwe. Arlene peke yake ndiye aliyepiga makofi, na aliyapiga mpaka viganja vikamwuma.