Pakiti Niliyoificha Kwenye Mchele

Mama yangu alizaliwa huko delta, katikati ya mashamba ya mpunga, na katika miaka yake sabini na kitu hajawahi kukiita chakula kitu ambacho si wali. Ukimpa ugali atakula, atashukuru, halafu baadaye atauliza tunakula saa ngapi. Kwa hiyo siku daktari kule Utete alipomwambia kwamba ana sukari na apunguze vyakula vya wanga, alimsikiliza kwa adabu na kuitikia kila neno. Tulipotoka nje akanishika mkono akasema, "Yule si mtu wa huku. Hajui anachosema."

Mimi ndiye niliyekuwa naye. Ndoa yangu ilikuwa imekwisha, nikarudi kwake Kibiti na mabegi mawili na cherehani, tukawa tunaishi wawili. Mdogo wangu, ambaye ndiye kitinda mimba, aliolewa Dar es Salaam, ana watoto, na anafanya kazi ofisini. Yeye huja sikukuu. Kazi ya kumnyang'anya mama wali ikaniangukia mimi peke yangu.

Nilimpimia ubwabwa kwa kikombe cha chai. Sahani nikaijaza mchicha, bamia, samaki wa kuchemsha. Alikuwa akitafuna huku akitazama ukuta, kama anayemeza dawa. Siku nyingine aliisukuma sahani na kuniambia, "Mwanangu, unaniua kwa njaa halafu unasema unanitibu." Mara moja nilipokuwa nafua kanga yake nilikuta punje za wali zilizokauka kwenye pindo alilolifunga fundo. Niliikung'uta, nikaifua, nikaanika, nikaenda kukaa chooni nikalia.

Mwaka ukapita hivyo. Kisha, siku chache baada ya Idi, mdogo wangu akaja kukaa wiki nzima. Alishuka kwenye bodaboda na begi la nguo na boksi la barafu, akanipa shikamoo, akaingia moja kwa moja jikoni kwangu.

"Dada, leo pumzika," alisema. "Namlisha mama mimi."

Kwenye boksi kulikuwa na nyama ya kusaga, maziwa mazito na kipande cha jibini. Kwenye mkoba wake akatoa pakiti ya viungo yenye picha ya pilipili na kofia pana. Alikuwa kwenye kundi la simu la watu walioacha wanga, akasema, na huko ndiko walikomfundisha. Chakula chenyewe ni cha Meksiko. Kwa kawaida huliwa na chapati ya mahindi, lakini hiki chake hakina chapati, hakina wali, hakina chochote cha kupandisha sukari. Kabichi ndiyo inashika nafasi ya chapati.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni. "Kinaitwaje?"

"Wenyewe wanaita tako, mama."

Mama alimkodolea macho. "Tako?"

"Tako."

"La nani?"

Mama alicheka mpaka kilemba kikafunguka. Nilikuwa sijamsikia akicheka namna ile kwa miezi, na jambo la kwanza nililohisi halikuwa furaha. Nilichukua kile kikombe cha kupimia ubwabwa nikakirudisha rafuni.

Nilisimama nikimtazama mdogo wangu anavyopika. Alikata kabichi nyembamba, akaichemsha kidogo, akaikamua maji kwa mikono miwili mpaka vidole vikawa vyeupe. Akakaanga nyama na vitunguu, swaumu, nyanya na hoho, akamwagia viungo vyake, jiko lote likanukia. Akapanga kabichi kwenye sufuria pana, nyama juu, akapiga mayai na maziwa mazito akamimina, akamalizia na jibini aliyoikuna. Kisha akafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko, kama tunavyooka keki au mkate wa kumimina. Hilo alijifunza kwangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kupalia makaa akiwa na miaka tisa, na wala hakulitaja.

Tukala jua linazama. Kilikuwa kitamu. Ningependa kusema hakikuwa kitamu, lakini kilikuwa. Juu kimekauka rangi ya dhahabu, ndani laini, na ule ukali wa viungo unakujia taratibu baada ya kumeza. Mama alimaliza sahani, akainyoosha aongezwe. Hakuuliza wali. Alipomaliza ya pili akalamba vidole, akamgeukia mdogo wangu na kusema, "Tangu nianze kuumwa, leo ndiyo nimekula."

Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo. Nilikuwa namshikia birika anawe mikono.

Niliondoka na vyombo uani nikavisugua kwa mchanga na majivu, nikasugua lile sufuria mpaka mdogo wangu akaja kusema, "Dada, utalitoboa." Nikamjibu kwamba watu wengine huosha vyombo kila siku, si siku moja kwa mwaka. Aliokota taulo, akaanza kufuta sahani.

Kesho yake habari ilikuwa imefika kwa majirani. Mama alimsimulia kila aliyepita: binti yake wa mjini amempikia chakula cha wagonjwa wa sukari, kitamu kuliko pilau. Jirani mmoja akaniuliza, bila ubaya, "Kumbe vilikuwepo vyakula hivyo? Ulikuwa hujui?" Nilimjibu kwa tabasamu ambalo lilinichosha uso. Mwaka mzima wa kupima kwa kikombe, kuamka kumchoma sindano ya sukari, kumpeleka Utete na kumrudisha, haukuwa na msimulizi. Jioni moja ya nyama ya kusaga ilikuwa imezunguka mtaa mzima kabla ya adhuhuri.

Siku ya tatu mdogo wangu alitaka kupika tena. Asubuhi hiyo, alipokuwa anaoga, nilichukua ile pakiti iliyobaki nusu, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaizamisha kwenye ndoo ya mchele. Nilifanya haraka, kama mwizi sokoni, na mkono ulipotoka kwenye mchele ulikuwa mweupe kwa vumbi. Nikaufuta kwenye kanga.

Alitafuta. Alifungua makabati, akainua vikapu, akauliza. Nikasema labda panya. Alinitazama kidogo, akasema basi, na siku hiyo tukala samaki wa kuchemsha. Mama alitafuna akitazama ukuta.

Mdogo wangu alipoondoka nilidhani nitapata nafuu. Lakini mama alianza kuuliza. "Kile cha mwenzio huwezi?" Nikasema vitu vyake vinapatikana mjini tu. Akauliza tena kesho yake, na keshokutwa, kisha akaacha kuuliza na pia akaacha kula. Sikujua kwamba alikuwa anakula kiporo cha wali na nazi kwa jirani, asubuhi, ninapokuwa kwenye cherehani. Nilijua siku alipoanguka uani na ndoo mkononi. Kipimo cha sukari kilitoa tarakimu ambayo muuguzi wa zahanati aliisoma mara mbili. Hakulazwa, Mungu alitustiri, lakini nilirudi nyumbani nimemshika kiuno, na njia nzima sikumfikiria mtu mwingine ila mimi mwenyewe na mkono wangu kwenye ile ndoo.

Jioni hiyo niliitoa pakiti. Niliifungua nikanusa kwa mara ya kwanza nikiwa peke yangu. Binzari nyembamba. Giligilani. Swaumu iliyokaushwa, pilipili, chumvi. Kila kitu kilichokuwa mle, isipokuwa ile picha ya kofia, kilikuwa kwenye makopo yangu ya pilau.

Nikanunua nyama, nikaisaga. Jibini sikuipata Kibiti nzima, wala maziwa mazito, nikakuna nazi na kukamua tui la kwanza nikalipiga na mayai. Lakini kabichi sikuikamua vizuri, kwa kuwa siku ile nilikuwa natazama kwa wivu na si kwa kujifunza, na nilipofunua mfuniko nikakuta supu. Mayai yanaelea kama mapovu. Nilikaa kwenye kibao cha mbuzi nikampigia simu mdogo wangu.

"Kimejaa maji," nikasema bila hata salamu.

"Nini?"

"Chakula chako. Kimejaa maji."

Akauliza, "Umepata wapi viungo?"

Ningeweza kusema nimetwanga mwenyewe. Nikasema, "Niliificha pakiti. Kwenye mchele."

"Najua, dada. Niliigusa siku ileile nilipokwenda kupima mchele wako."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kila nikipiga simu mama ananihadithia wewe. Mara dada yako amenipeleka Utete, amenifulia, amenikanda miguu. Mimi akiniuliza ni lini ninakuja, basi. Siku ile kanisifu mimi mara moja, nikaona hata hiyo hukuipenda."

Hakusema kwa upole. Alikuwa na hasira, na mimi nilikuwa nayasikia hayo kwa mara ya kwanza, kwa sababu mama hajawahi hata siku moja kuniambia ninamfulia vizuri. Kisha akarudi kwenye habari ya sufuria. "Funua sufuria. Mwaga maji yote, rudisha motoni, makaa mengi juu, chini machache. Nusu saa. Usikichungulie."

Sikuchungulia. Kilitoka kimeshikana, si cha dhahabu kama chake, pembeni kimeungua kidogo, kinanukia nazi. Mama alionja kijiko, akaonja kingine.

"Kimekaribia cha mwenzio," akasema.

"Kimezidi au kimepungua?"

"Kimekaribia." Akanyoosha sahani. "Kitie na hicho cha pembeni kilichoungua."

Sasa nakipika kila wiki, mara mbili mfuko ukiruhusu. Sukari yake imeshuka, na kiporo cha jirani sikisikii tena. Mgeni akija na kukuta sufuria mezani, mama humwambia hiki ni chakula cha binti yake wa Dar es Salaam, na mimi nipo palepale na mwiko mkononi. Kila mara bado kinanichoma. Jumamosi iliyopita mdogo wangu alipiga simu, mama akaichukua, nikiwa nyuma ya pazia nikamsikia anamwambia, "Nduguyo anakipika kwa nazi. Wewe hukutia nazi." Nikabaki pale pale nimeshika pazia, nasubiri kama ataongeza neno. Akaanza kuuliza habari za wajukuu.