Kumnenepesha Mdogo Wangu kwa Ajili ya Upepo

Mimi nimeumbwa na maswali. Mama husema hata mkunga nilimtolea macho nilipozaliwa, kama ninayetaka kumuuliza anatoka ukoo gani. Kwa hiyo mdogo wangu aliporudi nyumbani kwetu Kisugu, hapa Kampala, akasema kocha anamtaka anenepe, watu wote walicheka, lakini mimi nikauliza: anenepe ili iweje?

Mdogo wangu huendesha mashua ya tanga, zile ndogo za mtu mmoja, ziwani upande wa Munyonyo. Alianza kama mchezo wa shule, akaendelea kuwashinda watu mpaka chama cha mashua kikamtia kwenye timu ya taifa. Timu yenyewe ilikuwa na wasichana wachache tu, na wote walikuwa wanaota Olimpiki. Ila kabla ya Olimpiki kuna mashindano ya kufuzu ya Afrika, kule pwani baharini, na chama kiliweza kumpeleka msichana mmoja. Mmoja! Angepatikana kwa kushindana wenyewe kwa wenyewe, hapa hapa ziwani.

Sikulala vizuri na swali langu. Nikamfuata kocha. Ni mzee mstaafu wa polisi ya majini, anakaa Naguru, na mpaka leo watu wote wanamwita Afande.

"Afande," nikamwambia, "kunenepa na tanga vinahusiana vipi?"

Aliniketisha kwenye ukingo wa mashua iliyokuwa nchi kavu, juu ya majani, halafu akaushika mlingoti akauvuta upande wa pili. Nikanyanyuka mzimamzima, nikaangukia ndani, viatu juu.

"Umeona?" akasema. "Mimi ni upepo. Wewe ni mwepesi, nakutupa. Upepo ya kule pwani ni kali sana. Huyu mtoto alete kilo!"

Kumbe na upepo watu hupigana kwa makalio! Wallahi, sikuwahi kuliwaza hilo maishani. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu kwenye bodaboda, mpaka dereva akaniuliza kama niko salama.

Mama alipoelezwa, alisimama hapo hapo akaenda jikoni. Sisi ni watu ambao mababu zetu walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani wakanogewa wasirudi, na nyumbani kwetu kuna njia moja tu inayojulikana ya kumnenepesha msichana: ile ya mwali anayengoja harusi. Uji wenye samli asubuhi. Maziwa mgando. Wali wa nazi, na kwa kuwa tuko Kampala, matoke na mchuzi wa karanga. Na mwali hashiki ufagio. Mama alilitoa kabatini sinia la bati lenye maua, alilolia chakula mwenyewe siku za uwali wake, likawa la mdogo wangu, na mtu mwingine asiliguse.

"Nimeshiba, Mama."

"Umeshiba nini? Kula!"

Hayo yalikuwa mazungumzo ya kila siku. Neno "nimeshiba" Mama hakulitambua kabisa. Kila Ijumaa alimpandisha kwenye mzani wa duka letu, ule wa kupimia magunia ya maharage, na wateja walikuwa wakibahatisha kilo zake kabla mzani haujatulia. Majirani nao hawakukawia. "Nnyabo, harusi lini?" wakamuuliza Mama. Mmoja alileta kanga mpya kabisa ya bibi harusi. Mama akaipokea, akasema, "Mungu akipenda," akaikunja. Niliona uso wa mdogo wangu ulivyobadilika.

Siku moja Afande alikuja mwenyewe, akamkuta bingwa wake amejilaza kwenye mkeka mchana kweupe, anapepewa.

"Mama," akasema, na alijizuia sana, "mimi nataka uzito ya mapaja. Si uzito ya kulala."

"Afande, wewe jua mashua. Mimi najua wasichana."

Walizozana chai mbili nzima. Mwisho wakapatana: atakula chakula cha Mama, kisha atapanda mlima wa Kisugu na madumu ya maji mikononi mpaka Afande aseme basi. Jioni nilikuwa namkanda miguu, na hapo ndipo aliponiambia.

"Dada, hii nisipoipata, Olimpiki nyingine ni baada ya miaka minne. Unafikiri Mama atangoja miaka minne? Ile kanga iko kabatini."

Nikaongeza mafuta mkononi, nikaendelea kumkanda.

Siku ya mashindano ya kumpata huyo mmoja tulifika mapema, Mama na kapu lake la chakula, mimi na shingo ndefu. Ziwa lilikuwa limelala. Hata bendera za chama zilining'inia tu. Mbio ya kwanza ilipoanza, msichana mmoja wa Kawempe, mwembamba kama njiti ya kiberiti, alitangulia taratibu bila jasho. Mdogo wangu alikuja nyuma, mashua imezama kidogo, tanga limelegea. Mbio ya pili, hivyo hivyo.

"Afande, mbona haendi?"

Alikuwa anatazama maji. "Leo hakuna upepo," akasema. "Leo kilo ni mzigo."

"Na mlijua mashindano yenyewe ni hapa!"

"Mimi nilifikiri upepo ya kule, binti. Ya hapa sikufikiri."

Banange! Nilitamani nimsukume ziwani na kofia yake. Miezi yote ile ya samli na madumu, watu wazima wawili wanazozana, na hakuna aliyekumbuka kuwa ili ufike kwenye upepo wa kule lazima kwanza uishinde shwari ya hapa. Nami pia sikuuliza, na kuuliza ndiyo kazi yangu.

Mbio ya tatu na ya mwisho ilikuwa imefika nusu pale wingu jeusi liliponyanyuka upande wa visiwa. Upepo ukaja kwa ghafla, maji yakavunjika meupe. Yule wa Kawempe alipinduka, akainuka, akapinduka tena. Mdogo wangu alijitupa nje ya ukingo, mgongo unakaribia kugusa mawimbi, mapaja yamekaza, na mashua ikasimama wima ikakimbia. Ikakimbia, jamani! Akawapita wote. Mama aliangusha kapu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka, na katikati ya kelele zangu nikasikia honi. Waamuzi wanaifuta mbio. Hatari, wakasema, radi inakuja. Matokeo ni ya zile mbili za kwanza.

Mdogo wangu alifika ufukweni amekaa wima, hakuna aliyemsaidia. Hakulia. Nililia mimi, kwa hasira.

Ijumaa iliyofuata akatoka nyumbani bila kuaga, akarudi juu ya bodaboda na mtu nyuma yake: yule mwembamba wa Kawempe, anatazama chini kwa haya.

"Mama, huyu ndiye anayekwenda," mdogo wangu akasema. "Kule upepo utamtupa. Mpakulie."

Mama alimtazama mgeni, akamtazama binti yake. Kisha mdogo wangu mwenyewe akaenda kabatini, akalitoa sinia la maua, akaliweka mbele ya mwenzake, Mama akampakulia wali.

"Na wewe?" Mama akauliza.

"Nimeshiba, Mama."

Kwa mara ya kwanza Mama hakubisha. Aliufunika polepole wali uliobaki sufuriani, na mimi moyo ukaniuma kuliko siku ile ya honi.

Hapo ndipo jirani wa kanga alipochungulia mlangoni, akamwona mgeni na sinia. "Heh! Huyu naye anaolewa?"

"Hakuna anayeolewa humu," Mama akasema. Aliinuka, akaitoa ile kanga kabatini, akamrudishia mkononi ikiwa imekunjwa vile vile. "Wananenepea upepo. Huyu anakwenda sasa, wangu anakwenda baada ya miaka minne."

Jirani akaondoka na kanga yake. Mdogo wangu alikaa kidogo akiangalia mlango. Halafu akanawa mikono, akalivuta sinia kidogo upande wake, akala pamoja na mwenzake.