Siku Mama Alipoondosha Maneno Yake

Seva yetu sijawahi kuiona kwa macho. Ilikuwa mashine ya kukodi, imekaa Ulaya kwenye nyumba yenye umeme usiokatika, na mimi nilikuwa Bunia, kwenye chumba cha redio chenye bati linalochemka mchana, nikiiamuru kwa kompyuta iliyokuwa imeng'oka herufi kadhaa. Watu wakiniuliza kazi yangu, nilisema mimi ni fundi wa redio. Wanaume walicheka. "Fundi ni weye, ao bwana yako?" Nilikuwa nawajibu kwamba sina bwana, nina seva, na hiyo inanisumbua vya kutosha.

Redio yetu ni ndogo. Mnara wake unafika mjini na vilima vya karibu, basi. Lakini watu wetu hawako mjini tena. Vita vya Djugu vimewatawanya: wengine wako Mahagi, wengine wanachimba dhahabu Mongbwalu, wengine wengi wako kambini Uganda. Walikuwa wanatupigia simu wasomewe komunike, yale matangazo ya vifo, mmoja mmoja, mpaka mtangazaji wetu akakauka koo. Ndipo nikasema tutoe sauti kwenye internet. Sauti inatoka studio, inaingia kompyuta, kompyuta inaituma kwa seva kule Ulaya, na seva inamgawia kila mwenye telefone aliyefungua anwani yetu. Nilijifunza peke yangu, kwa kusoma Kifaransa cha watu wasiojua kwamba kuna miji ambako umeme unakuja ukipenda.

Nilihangaika jamani. Mwanzoni sauti ilifika imekatikakatika. Nikapunguza ubora wake na nikaacha stereo, maana nani anahitaji stereo ili asikie nani amekufa? Tukapata sola na batri. Likabaki tatizo moja: mtandao wa hapa ukianguka, seva iliwatoa wasikilizaji wote nje, na wengi hawakurudi, walidhani tumefunga. Nikatafuta dawa. Nikaweka nyimbo za kwaya ya parokia kule kule Ulaya, ndani ya seva, na nikaipa amri: sauti ya Bunia ikipotea, wape watu kwaya, ikirudi, warudishe kwetu. Hakuna atakayetolewa. Ilifanya kazi vizuri mno. Mkurugenzi alinisifu mbele ya wote na mimi nikavimba kichwa.

Sasa niseme habari ya mama na yaya.

Yaya ni kaka yangu mkubwa. Baba alipofariki, hapa Bunia, mtaa wa Bigo tulikokimbilia, yaya alikuwa Mahagi. Tulimwita, hakufika. Alisema barabara ina watu wenye silaha, na ni kweli walikuwepo. Lakini binamu zetu wawili walitoka Mahagi hiyo hiyo kwa pikipiki, wakafika wamejaa vumbi, wakabeba jeneza. Yaya yeye akapiga simu. Siku hizi ndiyo desturi yetu sisi tuliotawanyika: asiyeweza kufika matanga anapiga, telefone inawekwa kwa sauti kubwa katikati ya watu, naye analia humo, na watu wanamjibu pole. Yaya alianza kulia. Mama akasimama mbele ya watu wote, chini ya turubai, akaielekea ile telefone kama mtu.

"Unatuma sauti?" akasema. "Baba yako iko hapa chini, weye unatuma sauti? Basi hata miye ukisikia nimekufa, usikuje. Usikanyage udongo yangu."

Watu walishika vinywa. Mama mmoja mzee alimvuta kitenge anyamaze, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Ndani ya telefone, yaya aliacha kulia.

Kwetu neno la mzazi lililosemwa matangani si hasira tu, linakaa. Yaya alivuka mpaka akaingia kambini, na kila kilichomharibikia huko alikiweka juu ya neno lile. Mimba ya mke wake ilitoka, na ya pili ikatoka. Mihogo ikaoza ardhini. Cheka ukitaka. Mimi ni mtu wa kompyuta na sikucheka.

Halafu mama akaanza kuumwa moyo, miguu ikavimba. Siku moja nilikuwa nikimpaka mafuta miguuni, akaniambia, "Mama yangu" (ndivyo alivyoniita mimi, binti yake), "nataka kuondosha maneno yangu juu ya yaya yako."

Nilifurahi hadi nikamwaga mafuta. Nikashika telefone nimpigie yaya papo hapo. Mama akanitazama kama mjinga.

"Nilisema kwa siri miye? Nilisema mbele ya batu. Nitaondosha mbele ya batu."

"Watu gani, mama? Waliokuwa matanga ya baba wote wametawanyika! Wako Mahagi, wako Mongbwalu, wako kule kule kambini na yaya!"

"Na ile mashine yako inafanya kazi gani?"

Nikasema basi nimrekodi kwanza, tukikosea turudie. Alikataa katakata. Kwetu neno la kuondosha linatoka kinywani pamoja na maji, linatemwa chini, limekwisha. Halitunzwi. "Usinitie mu kikopo," akasema. "Kesho mutu anifungue kama sardine?"

Mkurugenzi akakubali: mama angepewa nafasi asubuhi, baada ya komunike. Nikampigia yaya.

"Mudogo, usinichezee."

"Sikuchezei."

"Alisema yeye mwenyewe?"

"Mwenyewe kabisa."

Mtu mzima yule alilia kama siku ya baba. Kisha akaniambia atawaita wote wa kambini waliokuwepo matangani siku ile, wakae naye, wasikie pamoja.

Siku ilipofika mama alivaa kitenge chake cha Pasaka, tukampakia kwenye pikipiki taratibu, mimi nyuma nikimshika. Studio tukamwekea kikombe cha maji na beseni la kutemea. Nilikuwa naogopa maji yasirukie mashine ya kuchanganya sauti, nikasogeza beseni, yeye akalirudisha. Nikafungua ukurasa wa seva unaoonyesha wasikilizaji ni wangapi. Namba ilipanda. Haikuwahi kufika pale tangu tuanze, hata siku za uchaguzi. Nikajua kambi nzima imekaa.

Utaniuliza kwa nini sikusikiliza ile sauti ya internet yenyewe. Kwa sababu inachelewa. Ukiifungua studio, maneno yanarudi nyuma yako, yanaingia tena kwenye mikrofoni, na mama angechanganyikiwa. Fundi yeyote huizima. Nilisikiliza ya mnara, na ya mnara ilikuwa safi. Telefone zetu zote tulizizima pia, kama kawaida ya studio.

Mama akamwita yaya kwa jina lake la utoto. Akasema, "Mutoto yangu, neno nililosema matanga ya baba yako, leo naliondosha. Barabara ilikuwa mubaya. Ungepita wangekuua, ningezika babili. Nilikuwa na uchungu, nikatupia weye. Siku yangu ikifika, ukuje. Ukuje unizike na mikono yako. Upate batoto, bakae." Akanywa maji, akayazungusha kinywani, akatema kwenye beseni. Mtangazaji wetu, mtu mgumu yule, alikuwa anajifuta macho kwa karatasi za habari.

Nikaangalia namba. Haikuwa imeshuka hata kidogo. Nikamkumbatia mama. "Wote wamekusikia, mama. Hakuna aliyetoka." Akasema asante, akaomba apumzike kwenye benchi.

Nilipowasha telefone nje, ikanyamaza kwanza, kisha ujumbe wa yaya ukaanza kuingia mfululizo, ule uliokuwa umekwama njiani. Tuko hapa wote. Kwaya inaimba. Mama atasema saa ngapi? Bado ni kwaya, mudogo. Watu wanauliza. Mama amekataa? Bado kwaya. Telefone inaisha moto ya batri.

Nilirudi ndani nikikimbia. Mtandao wa mji mzima ulikuwa umeanguka mtangazaji akiwa bado anasoma komunike, na umerudi mama amekwisha kutema maji. Namba niliyokuwa naiangalia haikushuka kwa sababu ukurasa ulikuwa umekufa. Ulibaki na namba ya mwisho uliyoipata. Na kule kambini seva ilifanya nilivyoiamuru. Haikumtoa mtu. Iliwapa kwaya, wimbo baada ya wimbo, nao wakakaa wakingoja kwa adabu, wakiamini mama anajiandaa. Bila ile dawa yangu sauti ingekatika, yaya angejua kuna tatizo, angepiga hata simu ya mkurugenzi. Eh Mungu wangu. Nilitamani kuivunja kompyuta kwa teke, lakini hata hiyo si yangu, ni ya redio.

Sikumficha mama. Alifunga macho, akasema, "Basi tutarudia juma inayokuja. Leo sina nguvu." Yaya naye nikamweleza, akasema atangoja. Nikaomba telefone ya pili, nikapanga mtu wa kunipigia kutoka kambini muda wote mama akisema. Nilipanga kila kitu.

Juma halikuisha. Nilimkuta mama asubuhi mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia umelala. Hospitali walituambia ni mshipa wa kichwani. Alikuwa anasikia vizuri. Nilimwambia yaya yuko kwenye simu, na macho yake yakafunguka, akajaribu. Alijaribu mpaka jasho likamtoka. Ilitoka sauti nzito isiyo na neno hata moja ndani yake. Nikamwekea maji mdomoni, nikidhani maji yenyewe yatatosha, yakateremka shingoni.

"Anakasirika?" yaya akauliza kwenye simu. "Mudogo, ananikasirikia?"

"Hapana, yaya! Anaondosha!"

"Anasema nini?"

Nikamrudia yote niliyoyasikia studio, neno kwa neno, nikipiga kelele mpaka muuguzi akanifukuza kwenye korido. Yaya alinisikiliza hadi mwisho. Akasema asante, kama anavyomwambia mgeni.

Mama alifariki siku chache baadaye. Komunike yake niliisoma mimi mwenyewe, maana mtangazaji alishindwa. Safari hii nilivaa kisikio cha internet sikio moja, sikujali inachelewa, nikajisikia nikimtangaza mama, kisha nikajisikia nikimtangaza tena. Ilifika yote. Niliona nitapasuka kwa hasira, maana lini mtandao wa Bunia ulitulia hivyo?

Yaya akapiga mara moja. "Nimesikia. Sauti iko safi."

"Kuja, yaya. Barabara ya Mahagi imefunguka, malori yanapita. Tutakungoja."

Akaniuliza ni nani watashika makoleo.

"Alisema ukuje! Mji mzima ulisikia! Nikupe mtangazaji? Nikupe padri, alikuwa anasikiliza kwake! Nikupe nani?"

"Naamini, mudogo. Sisemi unadanganya." Nilimsikia akivuta pumzi. "Lakini nilimusikia kwa masikio yangu akinikataza. Akiniita sikumusikia. Bibi yangu iko na mimba tena. Nitakanyaga ule udongo namna gani?"

Nilimtukana. Nilimwita mwoga, nilimwita mpagani, nikasema mengine ambayo dada hasemi kwa yaya yake. Nilipochoka akasema, kwa upole kabisa, "Leta ile mashine yako makaburini. Wakianza kutupa udongo, weka mikrofoni karibu."

Nikaipeleka. Nilibeba kompyuta na batri kwenye pikipiki ile ile iliyombeba mama. Binamu zetu wa Mahagi walikuja tena, wakashika makoleo. Watu walinitazama vibaya, mtoto wa marehemu anashughulika na nyaya badala ya kulia. Nilipiga magoti ukingoni, nikaishika mikrofoni kwa mikono miwili juu ya kaburi, nikasubiri wamalize.